Bwana Sindano na Pacha wa Droo ya Arobaini na Moja

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Sindano atatundika koti lake la kazi kwenye msumari wa karakana ya mawe kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Hakuna mtumishi mwingine wa taasisi hii aliyekaa katika chumba kimoja muda mrefu kiasi hicho. Kiti chake kimebadilishwa miguu mara mbili, yeye hakubadilishwa.

Wasifu wa mstaafu kwa kawaida huandikwa kwa sukari. Huu hautakuwa hivyo, na ni yeye mwenyewe aliyetaka usiwe hivyo.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kuwa mbeba mawe wa muda wa miezi mitatu. Alipelekwa Ukutani siku ya pili. Kwa ajili ya watumishi wapya wa ofisi za chini ambao hawajafika huko, Ukuta ni jabali la mwamba mweusi, urefu wake kama nyumba ya ghorofa nane, mwendo wa saa mbili kwa lori letu. Zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita mwamba huo ulikuwa matope ya chini ya bahari. Matope hayo yaliporomoka ghafla, yakawafunika wanyama wadogo waliokuwa wakijitafutia riziki, yakawaziba pumzi, na kwa muda usiohesabika yakagandamana kuwa jiwe. Wanyama hao ni miongoni mwa wa kwanza kabisa kuishi duniani. Hawakuwa na mifupa wala magamba. Kilichobaki cha miili yao ni utando mwembamba, mweusi kama masizi ya taa, uliolala kati ya tabaka na tabaka. Kila mmoja wao alikufa kwa kufukiwa akiwa hai. Bwana Sindano hakuacha kuwakumbusha wageni jambo hilo walipoanza kupiga picha huku wakicheka.

Kazi ya Ukutani ina kanuni zake. Jiwe hupasuliwa kwa patasi na nyundo, likafunguka kama kitabu. Ikiwa ndani yake mna mnyama, naye hugawanyika: sehemu ya mwili wake hubaki upande huu, sehemu hubaki upande ule. Vipande hivyo viwili karakana huviita mapacha. Kisichoonekana kwa mmoja huonekana kwa mwenzake, na kumjua mnyama mzima ni lazima mapacha walazwe pamoja katika droo moja. Lakini njiani hawasafiri pamoja. Pacha hawabebwi na mgongo mmoja, ndivyo walivyotufundisha waliotutangulia. Kila kipande hubebwa na mtu wake, na watu hao hutembea mbalimbali, ili mmoja akianguka, nusu moja isalimike.

Kanuni ya pili imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana: MAJI MARUFUKU. Utando ule hauvumilii maji. Brashi kavu tu ndiyo ruhusa. Mkurugenzi wetu wa sasa hatasahau siku yake ya kwanza kazini, alipoingia karakana, akalamba kidole gumba na kukipeleka kwenye jiwe ili apate kuliona vizuri. Kabla kidole hakijafika, Bwana Sindano alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Alikishikilia hadi kidole kikakauka, kisha akamkaribisha kiti. Mkurugenzi husimulia kisa hicho mwenyewe, na hadi leo huingia karakana mikono ikiwa mfukoni.

Jina la Sindano alilipata kwa ustahimilivu. Baada ya jiwe kufika karakana, mnyama hufunuliwa chini ya hadubini kwa ncha ya sindano, chembe baada ya chembe. Aliwahi kutumia siku kumi na moja za kazi kuufunua mguu mmoja usiozidi punje ya mchele. Mkewe hulalamika kwamba samaki akipitia mikononi mwa mumewe hufika mezani bila mwiba hata mmoja, na bila joto pia. Katika miaka yake amefungua mawe elfu nne mia tatu na kumi na mawili, na aina kumi na tisa za wanyama zilijulikana kwa wataalamu kwanza kwa mikono yake. Mara tatu aliitwa apandishwe cheo akae ofisini. Mara tatu alijibu kwa barua ya mstari mmoja, yenye adabu na isiyo na kosa la kisarufi, kwamba ofisini hakuna mwanga wa kutosha.

Alikuwa pia na desturi ya kuchora. Hakuna jiwe alilolirudisha kwenye droo bila kulichora kwanza kwa penseli ngumu katika daftari. Jicho husahau, hupenda kusema, mkono hukumbuka. Desturi hiyo tutairudia mbele.

Sasa tuufikie mwaka wa kumi na mbili wa utumishi wake.

Wakati huo alifanya kazi na mwenzake tuliyemwita Nyundo. Alikuwa mdogo kwa Sindano kwa miaka minne, mpana wa kifua, mwepesi wa mzaha. Nyundo alipasua, Sindano akafunua; karakana nzima iliwataja kwa pumzi moja. Nyundo alikuwa ameoa miaka mitano nyuma, na mkewe na Bwana Sindano waliitana shemeji, kama ilivyo ada baina ya mke wa mtu na rafiki wa mumewe.

Alasiri moja, mwisho wa msimu, walikuwa kwenye ukingo wa juu wa Ukuta. Changarawe zilianza kudondoka. Nyundo alisema, "Kaka, twende zetu. Ukuta unakohoa." Bwana Sindano alimjibu, "Jiwe moja tu, kisha tushuke. Mwanga kama huu hatuupati tena hadi mwakani." Nyundo akasema, "Jiwe lako moja huwa matatu," lakini akalipiga. Lilifunguka kwa pigo la kwanza. Mnyama aliyekuwamo alikuwa na urefu wa kidole gumba, na hakuna aliyewahi kumwona mfano wake. Mwili wake ulibaki katika kipande cha Sindano. Kichwa chake chote, macho na papasi, yaani vijipembe vya kupapasia, kilibaki katika kipande cha Nyundo. Nyundo alikitazama, akacheka, akasema neno ambalo nalo tutalirudia mbele. Kisha kila mmoja akafunga pacha wake mkobani, wakaanza kushuka, Sindano mbele, Nyundo hatua ishirini nyuma, kama kanuni inavyotaka.

Ukuta uliporomoka baina yao. Kanuni iliyowekwa ili kulinda mawe ilimlinda mtu mmoja, na haikuwalinda wawili. Tulichimba hadi adhuhuri ya siku ya pili. Nyundo alipatikana ameukumbatia mkoba, na jiwe lililokuwamo halikuwa na ufa.

Mkoba huo ulikabidhiwa kwa mjane pamoja na viatu. Ndivyo kosa lilivyoanza, nalo halikuwa la mjane. Siku ya saba Bwana Sindano alitumwa aende akaliombe jiwe. Alilikuta juu ya kabati la vyombo, limeegemezwa kwenye picha ya marehemu. Kabla hajafungua kinywa, mjane alimwambia, "Shemeji, hiki ndicho alichokikumbatia. Mimi siku ile hakunikumbatia, alitoka nimelala." Bwana Sindano alikunywa chai yake, akaaga, akarudi ofisini, akafungua rejista ya visukuku kwenye ukurasa wa droo ya arobaini na moja, na kuandika: Pacha alipotea katika maporomoko.

Maneno manne, na yote si kweli. Masijala iliyapokea na kuyapigia mhuri bila kuuliza swali. Lawama hiyo haitabebwa na mstaafu peke yake.

Uongo mdogo una watoto wengi. Kwa miaka ishirini na sita mnyama wa droo ya arobaini na moja amekuwa na miguu bila kichwa, na wataalamu wameshindwa kukubaliana alikuwa akielekea wapi. Wapo walioandika kwamba mbele yake ni huku. Wapo walioandika kwamba huko ni mkiani. Wawili walikuja hapa wakabishana siku nzima mbele ya droo. Walikuja kwa gari moja, wakaondoka kwa mawili. Bwana Sindano alisimama nyuma yao na kikombe mkononi. Jibu alikuwa nalo, na alinyamaza.

Alikuwa nalo kwa sababu kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mwenzake, alikwenda kumjulia hali mjane, daftari likiwa mfukoni. Baada ya chai aliomba ruhusa, akalichora jiwe pale pale kwenye kabati. Mjane alizoea kumtania: "Unamchora tena? Kwani amenenepa?"

Hakuwa amenenepa. Mwaka wa tatu Bwana Sindano aliona kwamba papasi mbili zimefifia. Aliuliza kwa upole jiwe linatunzwaje, na mjane akamjibu kwa fahari kwamba huliosha kila Jumamosi, kwa maji na sabuni kidogo, kama anavyoiosha fremu ya picha. Bwana Sindano alijikaza kusema, "Ungelipangusa kwa kitambaa kikavu tu, shemeji." Mjane akacheka: "Kitu cha marehemu nikiache na vumbi? Watu watasema nini?"

Hakusema zaidi. Mtu ambaye baadaye angemshika mkurugenzi kifundo cha mkono hakuthubutu kumshika mjane mkono. Kumwambia kwamba maji yanaliua jiwe kungekuwa kumwambia kwamba mapenzi yake ndiyo yanayoliua. Na kulichukua jiwe kungemlazimu aeleze kwa nini yeye na Nyundo walikuwa bado juu ya ukingo wakati Ukuta ulipokuwa ukikohoa. Basi alirudi kila mwaka, akachora kilichobaki. Mwaka wa tisa papasi zilikwisha. Mwaka wa kumi na tano jicho moja. Mwaka wa ishirini na mbili lilibaki doa. Mwaka jana alichora jiwe tupu, safi kama ubao wa shule uliofutwa, na akalitia tarehe.

Tungestaafisha mtu pamoja na siri yake, kama si makabidhiano. Kanuni za taasisi zinamtaka fundi anayeondoka atie saini kwa kila droo, kuthibitisha kwamba kilichoandikwa katika rejista ndicho kilichomo. Wiki tatu zilizopita Bwana Sindano alitia saini droo arobaini kwa siku mbili, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Kwenye droo ya arobaini na moja aliweka kalamu chini. Alimwambia mkurugenzi, mbele ya karani wa masijala, "Hii siwezi kuitia saini. Nilichoandika humu si kweli." Kisha akaeleza yote, amesimama, hadi mwisho. Mkurugenzi akasema neno moja: "Kalilete."

Kesho yake asubuhi alikwenda. Mjane ni fundi cherehani, na alimkuta akishona pindo la sare ya shule. Bwana Sindano alianza na lililo gumu zaidi, yaani jiwe lile moja la mwisho na neno la Nyundo kwamba washuke. Mjane hakusimamisha cherehani. Alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akamtazama.

"Miaka ishirini na sita unakunywa chai yangu, na hilo limo tumboni?"

"Limo, shemeji."

"Na hukulitapika?"

"Niliogopa ungenifungia mlango."

"Ningeufunga," mjane alisema. "Halafu siku moja ningeufungua. Sasa hiyo siku imetupita, wewe huijui na mimi siijui."

Alipoambiwa kwamba jiwe ni la taasisi, hakubisha. Alilifunga kwa kitambaa safi, akakataa kumpa Bwana Sindano alibebe, akalipakata mwenyewe njia nzima.

Karakana ilikuwa imetayarishwa. Pacha wa droo ya arobaini na moja alikuwa mezani chini ya taa iliyolazwa upande, kwa maana mwanga wa kutoka juu huwaficha wanyama hawa. Mjane alifungua kitambaa na kulaza jiwe lake kando. Kingo za mawe mawili zilikutana bila pengo. Upande mmoja palikuwa na mwili, miguu kumi na minane ikihesabika. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

Mjane aliinama, akatazama huku, akatazama kule. "Mbona wenu anaonekana na wangu haonekani?"

Mkurugenzi hakuwa na budi kuuliza, kwa kuwa rejista ilipaswa kueleza sababu, ni nini kilichoufuta uso wa jiwe. Bwana Sindano aliyatazama mawe, kisha akamtazama mjane. Kwa muda huo mfupi kila aliyekuwamo alijua kwamba uongo wa pili ungekuwa rahisi kuliko ule wa kwanza. Lakini mjane alikuwa ameinua macho, na maandishi mekundu yalikuwa juu ya mlango aliouingilia. Aliyasoma kwa sauti, taratibu, neno baada ya neno.

"Ni mimi," alisema. Kisha akamgeukia Bwana Sindano. "Shemeji, ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Mume wangu alifukiwa na Ukuta. Huyu umeniacha nimfukie mwenyewe, kwa sabuni."

Mkurugenzi alitoa mikono mfukoni, akairudisha.

Ndipo Bwana Sindano alipoweka daftari mezani. Ni daftari la kawaida la mistari, jalada lake limechakaa kwa kukaa mfukoni. Mjane alilifungua kwa nyuma, kwenye jiwe tupu la mwaka jana, na akaanza kulifungua kuja mbele. Kurasa tatu tupu. Kisha doa. Kisha doa lenye umbo. Likaja jicho moja. Likaja la pili. Papasi zikaota, fupi, kisha ndefu, kisha zikajikunja nchani, na mnyama aliyekufa mara mbili akarudi ukurasa kwa ukurasa chini ya kidole cha mwanamke aliyemfuta. Ukurasa wa kwanza alikuwa mzima, amekodoa macho, kinywa wazi. Chini yake palikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka: "Tazama sura yake, kaka! Kama karani aliyeamshwa usingizini."

Mjane aliusoma mstari huo mara mbili. "Hii nani kasema?"

"Ni yeye," Bwana Sindano alisema. "Baada ya hapo tulianza kushuka."

Mjane alirudisha kidole kwenye ukurasa huo. Kisha akasema, "Ndiye huyu. Kitu hakimpiti bila kukitania." Hakulia mbele yetu, na hakumpa Bwana Sindano mkono. Aliomba jambo moja tu. Rejista ilikuwa imeandika kwamba jiwe lilipatikana na karakana. Alitaka iandikwe limepatikana na nani.

Uamuzi wa taasisi, ili usije ukapotoshwa katika vyumba vya chai, ni huu. Mchoro si jiwe, na hakuna mtaalamu atakayelazimishwa kuuamini. Kichwa cha mnyama huyu kimepotea, na huenda Ukuta usitupe kingine. Bwana Sindano amepewa barua ya onyo kwa kuandika uongo katika rejista. Barua hiyo imo katika faili lake, na imeandikwa kwa mkono ule ule unaoandika wasifu huu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaonyesha mahali ilipokosewa tarehe.

Ingizo jipya, ambalo ni la mwisho kwa mkono wake, linasomeka hivi: Pacha alikuwapo. Uso umefutika kwa kuoshwa. Fundi aliona na hakusema. Michoro ishirini na sita imo ndani. Mnyama alipatikana na Nyundo, alasiri, mwanga ukiwa mzuri. Chini yake aliitia saini droo ya arobaini na moja.

Mjane alisomewa wasifu huu kabla ya kupigwa chapa. Aliagiza sentensi moja iondolewe, nayo ilikuwa ya kumsifu. Kuhusu hafla ya tarehe thelathini, hajasema kama atakuja. Kiti chake kimewekwa safu ya mbele, na kitabaki hapo hadi mwisho, awepo asiwepo.

Bwana Sindano, taasisi inakushukuru kwa mawe elfu nne mia tatu na kumi na mawili, na kwa saini moja iliyokugharimu kuliko yote hayo. Ulitufundisha kwamba kisichoonekana kwa mmoja huonekana kwa mwenzake. Tunakutakia macho yapate kupumzika, samaki uwale wakiwa bado moto, na mlango ule, siku yoyote itakayokuwa, uukute wazi.